Mchinjaji na Kuku Jike Aliyewika

Alikuwa akificha kisu. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona kwake, nilipoletwa Mbeya kama bi harusi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mume wangu akanipangia chumba ambacho ua wake ulipakana na ua wa Mchinjaji. Kuku akiletwa, yeye humpokea, humkumbatia ubavuni kama mtu aliyebeba mtoto wa ndugu yake, humsemesha maneno mawili matatu ambayo sikuwahi kuyasikia vizuri, ndipo huzunguka naye nyuma ya banda. Kisu kilikaa ndani ya koti, koti kuukuu la kijeshi alilolivaa kwa sababu ya baridi inayoshuka mlimani. Kuku hakukiona mpaka kazi imekwisha. Kukinoa alikinolea chumbani, mlango umefungwa. Nilipomwuliza mkewe kwa nini, alisema, "Hataki wasikie."

Mtaa mzima ulimtegemea. Wenye hoteli za sokoni, wenye harusi, wenye hitima, hata wakulima Wakristo wa milimani waliotaka kuwauzia kuku wenye hoteli hizo, wote walipita kwake, maana bila mkono wake Waislamu wasingekula. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa walisema Bwana Mchinjaji, sisi wadogo tukasema Mzee Mchinjaji, ingawa hakuwa mzee wakati ule. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, lakini hata yeye mtu akimwita kwa jina lile alichelewa kugeuka.

Maneno yake yalikuwa machache na makavu. Asubuhi ya sikukuu, watu wakisukumana mlangoni na kumhimiza, alisema bila kuinua kichwa, "Mwenye haraka akachinje boga." Mtu akimsifu kuku wake kwa unono, alisema, "Kuku hana kesho, lakini leo anayo," na hakuna aliyejua kama anamwonea huruma kuku au anamsuta mwenyewe. Alipenda kula shingo. Mahali popote alipoalikwa, wenyeji walijua kumwekea shingo, naye aliichambua kwa utulivu mpaka ibaki mifupa myeupe kama shanga.

Na mtu huyo aliyeona damu kila siku ya Mungu hakuweza kuona damu ya mwanadamu. Mume wangu alikuwa akishona kwenye baraza la duka la nguo. Siku moja Mchinjaji alipeleka koti lake likazibwe kiwiko, na wakati anasubiri, sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole cha mume wangu. Mchinjaji aliketi chini. Halafu akalala. Ikabidi tukiache kidole kikivuja tukampepee yeye. Alipozinduka aliuliza, "Kimeacha?" huku amefumba macho, na hakuyafumbua mpaka tulipomwapia kwamba kidole kimefungwa kitambaa.

Sasa nimseme mkewe, maana huwezi kumsema mmoja ukamwacha mwingine. Alikuwa mwanamke mrefu kuliko mumewe, mwenye sauti nzito. Akimwita mwuza kabichi, kabichi zilisimama mtaa wa tatu. Kidevuni alikuwa na vinywele ambavyo hakuvinyoa wala kuvifunika. Hakujaliwa mtoto. Katika mtaa ambao kila mwanamke aliitwa Mama fulani, yeye aliitwa Mke wa Mchinjaji akiwapo, na Jike Dume akiwa hayupo. Mimi nilimwita Shangazi. Nilipojifungua Salima, nikiwa mbali na mama yangu aliyebaki Kihesa, Iringa, ni yeye aliyenishika mgongo usiku ule, na tangu hapo sikuweza kumwita neno jingine.

Ni Shangazi mwenyewe aliyenisimulia, huku akicheka, kwamba shemeji yake aliwahi kusafiri kutoka pwani kuja kumshauri mdogo wake aoe mke wa pili, na wa kwanza arudishwe kwao. Mchinjaji alimwambia, "Kaka, kula kwanza." Akamlisha. Kila kaka alipoanza mazungumzo, aliletewa sahani. Alipochoka kula akapanda basi akarudi, na jibu hakulipata. "Mume wangu hakuniambia hata neno moja," Shangazi alisema. "Nilijua tu kwamba haniachi, kwa jinsi alivyokuwa akimchinjia kaka yake kuku juu ya kuku."

Ilikuwa nyumba ya namna hiyo, na ndimo kuku jike alimoanza kuwika.

Alikuwa kuku wa Shangazi, mwenye madoadoa, mtagaji hodari, na nusu ya vifaranga wa mtaa ule walikuwa wajukuu wake. Kwanza aliacha kutaga. Tukadhani uzee. Kisha undu wake, kile kilemba cha nyama kichwani, ukanyanyuka na kuwa mwekundu. Nyuma ya miguu pakachomoza vipi, ile miiba ya kupigania ambayo ni ya majogoo. Akaanza kuwapanda wenziwe na kumfukuza jogoo mwenyewe penye chakula. Asubuhi moja nikiwa natwanga, nikamsikia. Hakuwika vizuri. Alikuwa kama mvulana anayevunja sauti, anaanza juu na kumalizia penye mkwaruzo. Lakini aliwika.

Katika jambo hili watu wa Mbeya hawakuwa na mgawanyiko. Waliotoka pwani, Wasafwa, Wanyakyusa, sisi wa Iringa, wote tulilelewa na neno moja: kuku jike akiwika, anamwita mwenye nyumba kaburini, na dawa yake ni kisu siku hiyohiyo. Mama yangu hakungoja hata maji ya kumnyonyolea yachemke. Kwa hiyo wanawake wa mtaa walikuja kwa Shangazi kwa nia njema kabisa, kumwonya.

"Mume wako atakufa, mwenzetu," mmoja alisema.

"Kuku huyu ametaga miaka yote bila kusema neno," Shangazi alijibu, na sauti yake ikavuka ua. "Leo hatagi tena, ndiyo mnamtaka shingo? Ametutendea ubaya gani?"

Nadhani kila mmoja alisikia kwamba si kuku tu aliyekuwa akizungumziwa. Mchinjaji alikuwa ameketi kwenye kigogo chake, akipangusa viatu. Hakusema chinja wala usichinje. Kuku yule aliishi, na Mchinjaji pia.

Tangu siku hiyo neno moja lilibadilika kinywani mwake. Zamani watu walipomletea majike ya namna ile, kutoka mjini au milimani, aliwachinja, na kwa kuwa wenyewe hawakutaka hata kuigusa nyama, aliila yeye. Sasa alianza kusema, "Niachie." Mtu alimwacha kuku na kuondoka mwepesi. Nami kupitia matundu ya ua nikawa nawaona wanaongezeka: majike yenye undu mrefu, mikia inayopinda, yakitembea na vifua mbele. Aliwafungia bandani mpaka jua litoke, ili kuwika kwao kuchanganyike na kuwika kwa majogoo ya mtaa. Sikusema kitu. Haikuwa nyumba yangu.

Mmoja wa kuku hao aliletwa na Mama Tabita. Huyu alikuwa mkulima wa Kisafwa kutoka juu ya mji, Mkristo, mwembamba, aliyeteremka kila wiki na viazi vyake kichwani. Alikuwa amezika mtoto mmoja mwaka uliopita, na kuku wake alipowika alimfunga miguu akaja naye mbio. Mchinjaji akamwambia, "Niachie." Mama Tabita akamshukuru kwa mikono miwili.

Masika yalipoingia, Shangazi alimwona barabarani, akamwita aingie uani na viazi. Nilikuwa pale, nimekuja kuomba moto.

"Mwagona, mama," Mama Tabita alisalimu kwa kwao, akaanza kutua kikapu. Kikapu hakikufika chini. Mbele yake alisimama kuku mwekundu mwenye kilemba kama cha jogoo, na kidole kimoja cha mguu wake kilikuwa kimekatwa ncha, alama ambayo watu wa nyumbani kwa Mama Tabita huwawekea kuku wao.

"Hii kuku ni ya kwangu," alisema polepole. Kisha akapiga kelele. "Hii kuku ni ya kwangu! Mimi nilileta ikufe! Tabita anaisha kule nyumbani, homa haimwachi, kumbe hii iko hapa inakula!"

Watu walijaa uani kabla viazi havijaacha kuviringika. Mchinjaji akatoka chumbani. Mama Tabita akamshika koti. "Ulisema utaua!"

"Sikusema hivyo," alijibu, na nilimwona mara ile ile akijuta kusema.

Ijumaa baada ya sala, wazee walimweka kitako. Wanawake hatukuwapo, ila mume wangu alinisimulia. Shehe hakupaza sauti.

"Ulimwambia mama yule umemchinja?"

"Hapana. Nilimwambia aniachie."

"Naye alielewa nini?"

"Alielewa kwamba nitamchinja."

"Na wewe ulijua ameelewa hivyo?"

"Nilijua."

"Basi," Shehe akasema, "ulimi wako ni safi, na wewe ni mwongo."

Akaamriwa asishike kisu mpaka apatane na mwenye kuku. Mjini yakawa maneno. Mume wangu, aliyempenda sana, aliniambia nisinunue nyama iliyopitia kwake. "Kama aliweza kutunyamazia hilo," alisema, "nani anajua kama kwenye shingo husoma bismillahi au hunyamaza pia?" Hilo ndilo lililomwumiza. Kazi yake yote ilisimama juu ya neno ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. Walimwamini tu kwamba amelisema, na sasa hawakumwamini.

Siku ya pili yake alikuja kwenye ua. "Mama Salima, mwombe mwenzio ruhusa. Twende mlimani na Shangazi yako. Sitaki kuingia kwa watu peke yangu kama mwizi."

Tulipanda asubuhi, manyunyu yakitupiga usoni, yeye mbele na kuku kwapani, sisi nyuma. Nilikuwa nimembeba Salima. Njia ilikuwa utelezi mtupu, pande zote mashamba ya pareto, maua meupe yameinama kwa maji. Mara moja tu nilimsikia Mchinjaji akimsemesha kuku yale maneno yake.

Nyumbani kwa Mama Tabita tulimkuta mumewe na jamaa wachache. Walitupa viti, maana ni watu wa adabu, lakini hawakutupa maji. Mchinjaji hakuketi.

"Nimemrudisha," alisema. "Kosa ni langu, mke wangu hamo. Mkisema achinjwe, nachinja hapa hapa mnaona. Mkisema aishi, namchukua, na kila atakayeniuliza nitamwambia kwamba yuko hai."

Baba Tabita alimtazama kuku, akatazama mlango wa nyumba ambamo mtoto alikuwa amelala. "Ichinje," alisema.

Nilikuwa nimezoea kuuona mkono wake ukifanya kazi. Siku ile nilidhani ni wa mtu mwingine. Alitafuta kibla kama mgeni. Wenyewe walitaka kuona kisu, kwa hiyo hakukificha, ila alimfunika kuku macho kwa kiganja, akasoma bismillahi kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia akiisoma hivyo, akakata. Akamshikilia mpaka mabawa yalipotulia. Kisha akampasua, akawaita karibu. Pale ambapo jike huwa na shada la viini vya mayai, vikubwa kwa vidogo, palikuwa na donge gumu jeusi, kama jiwe la mtoni.

"Wote ninaowapasua wako hivi," alisema. "Huyu alikuwa mgonjwa. Mayai yalimharibikia tumboni. Hakuwa akimwita mtu."

"Ndiyo, tumeona," Baba Tabita alijibu, kama mtu anayeitikia mahubiri.

Tukiwa tumeinamia lile donge, sauti ya Shangazi ikatoka ndani. Hakuna aliyemwona akiingia. "Huyu mtoto anapumua kwa mbavu! Njooni mwone! Mnatazama matumbo ya kuku, mtoto anakufa!"

Alitoka na Tabita mikononi, msichana mdogo asiyefika hata umri wa kuchota maji, mbavu zinaingia na kutoka, midomo imebadilika rangi. Shangazi hakuomba ruhusa. Alivua kanga yake ya juu, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya kuteremka. Mama Tabita akamkimbilia, nami nikafuata na wangu.

Sijawahi kumwona mwanamke akiteremka mlima kwa namna ile. Viatu alivitupa. Pale tulipoteleza sisi, yeye alikanyaga nyasi za pembeni akapita. Mama Tabita alilia, "Nipe, mama, nimbebe mimi, umechoka!"

"Ukianguka utaanguka naye," Shangazi alisema bila kugeuka. "Mimi sianguki."

Hospitali walisema ni kichomi, na kwamba tumefika kwa shida. Tabita akaanza kudungwa sindano. Shangazi alikaa na mama mtu, wakilala chini kando ya kitanda, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, kanga moja na blanketi moja. Mchinjaji alikuja kila siku na uji, lakini kwa sababu ya sindano hakuweza kuingia. Alisimama nje ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, akiuliza, "Amekula?" na Shangazi akimjibu kwa sauti iliyoamsha wagonjwa wengine.

Yule kuku, Mchinjaji alirudi naye mjini siku ile, maana wenyewe hawakumtaka, na kutupa nyama halali aliona ni dhambi. Shangazi hakuwapo, nami nilipojitolea kumpikia alikataa. Alimpika mwenyewe, vibaya, akamla peke yake mpaka akamaliza. Hata shingo aliila, lakini sikumwona akiichambua.

Tabita akapona. Milimani wote walikubaliana sababu: kuku alikufa siku ileile, na mtoto akageuka siku ileile. Sokoni watu walimwuliza Mchinjaji kama ni kweli. Alijibu, "Amepona." Hakuongeza. Mama Tabita alikuja msikitini mwenyewe, akasimama nje ya ua, akawaambia wazee kwamba hana tena neno na Mchinjaji. Kisu kikarudi mkononi mwake, na mume wangu, baada ya kujizungusha siku chache, akaniambia ninunue kuku.

Tangu hapo kila aliyemletea jike anayewika aliambiwa wazi: "Nimchinje unaona, au umwache aishi hapa ukijua?" Wengi walisema chinja. Wachache waliwaacha, wengine kwa huruma, wengine kwa kumwogopa Shangazi. Banda hakulifunga tena. Alfajiri walitoka na kuwika watakavyo, na watoto wangu walikua wakidhani kila jike hufanya hivyo.

Baadaye tulihamia Iringa, mume wangu akapata baraza lake mwenyewe, tukajenga Kihesa. Habari za Mchinjaji nilizipata kwa vipande. Nilisikia baridi ya Mbeya imemkaa kifuani, kwamba ameacha kazi, kwamba wamehama, na aliyenisimulia hakujua wamehamia wapi.

Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni nilikwenda Mbeya kwenye harusi. Nikiwa Mbalizi sokoni kutafuta vitunguu vya kupikia, nikamkuta Mama Tabita na bintiye. Wakati wa kurudi, basi letu likasimama Igawa, ili abiria wapate kula na dereva apoze injini. Sikuwa nimeshuka ngazi ya mwisho niliposikia sauti ambayo haikuwa na mwenzake.

"Mama Salima! Wewe! Pita huku!"

Shangazi alikuwa na kibanda cha wali na samaki kando ya barabara. Nywele zimekuwa nyeupe, na vinywele vya kidevuni pia. Mchinjaji alikuwa ameketi kivulini, bila koti, mikono juu ya mapaja. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za mtoto mmoja mmoja. Shangazi akatuwekea sahani, na Mchinjaji, huku akila, akasema joto la Igawa limempa pumzi. Nikamwona ananitazama kama anayengoja jambo, nikasema nilichokuwa nacho.

"Nimemwona Tabita, mzee. Amekuwa mrefu. Anasoma."

Aliacha kula. "Anajua kwamba aliwahi kuumwa?"

"Anajua. Mama yake humsimulia."

"Humsimulia nini?"

Ningependa kumjibu vingine, lakini yeye si mtu wa kujibiwa nusu. "Kwamba kuku alikufa, yeye akapona."

Alisukuma sahani. "Mimi nilinyamaza," alisema, kwa sauti ya chini sana. "Sikutaka kubishana nao, mtoto alikuwa mzima. Lakini miaka yote hii hakuna hata mmoja anayesema nani alimbeba."

Nilidhani Shangazi hakusikia. Alikuwa ameinamia sufuria, mgongo kwetu. Akanyanyuka na upawa mkononi.

"Mzee, mtoto alipona au hakupona?"

"Alipona."

"Basi mwache apone kwa kuku!"

Dereva alipiga honi. Mchinjaji alikuwa ameanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho miaka yote ya ujirani, kikageuka kikohozi, kikamkunja. Nilipokaa kitini nikachungulia dirishani. Shangazi alikuwa ameweka upawa chini, anampiga mgongoni kwa kiganja kilicho wazi, polepole, kama anayembembeleza mtoto acheue, huku akiwaita abiria wa basi jingine kwa sauti yake yote.